Gari likisema "nafunga breki", liaminiwe kwa lipi?

MASWALI NA MAJIBU

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu magari yanayojiendesha, hasa redio zake: zile zinazoliwezesha gari kuliambia jingine mahali lilipo, mwendo wake na kama linafunga breki. Karibu kila aliyeandika anauliza jambo lilelile kwa sura yake: nani anahakikisha kwamba sauti hiyo ya hewani ni ya gari kweli, si ya mtu aliyejibanza kando ya barabara na laptop? Tumechagua barua saba.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni dereva wa lori la masafa marefu. Nimesikia kwamba magari hayo hutangaza mahali yalipo muda wote na ujumbe wenyewe haufichwi. Simu yangu ya laki mbili inaficha meseji za WhatsApp, iweje gari la mamilioni litangaze mambo yake hadharani? — Dereva, Tunduma

JIBU: Ndugu dereva, ukipiga honi kwenye kona za Kitonga hutaki isikiwe na mtu mmoja tu uliyeafikiana naye jana. Unataka asikie yeyote aliye upande wa pili, hata usiyemjua. Ujumbe wa gari kwa gari ni honi ya namna hiyo. Magari mawili yanayokuja uso kwa uso, kila moja kilomita 100 kwa saa, hukaribiana mita 55 kila sekunde. Redio zikisikiana kwa mita 500, baada ya sekunde tisa yameshapishana. Hapo hakuna nafasi ya kupeana funguo za siri na kila anayepita. Na hata nafasi ingekuwepo, siri yenyewe isingefaa kitu, kwa sababu ujumbe unaotakiwa kusomwa na kila gari utasomwa pia na kila mwenye gari, mwizi akiwemo.

Kwa hiyo kinacholindwa ni uhalisi. Kila ujumbe unabeba sahihi ya kidijitali, na anayepokea huikagua kabla ya kuamini chochote. Marekani ujumbe wa msingi hutoka mara 10 kwa sekunde ukiwa na mahali, mwendo, uelekeo, hali ya breki na ukubwa wa gari. Ulaya hutoka kati ya mara 1 na 10 kwa sekunde kutegemea gari linafanya nini: likisogea zaidi ya mita 4, likigeuka zaidi ya nyuzi 4, au mwendo wake ukibadilika kwa zaidi ya nusu mita kwa sekunde, linatuma mpya. Gari lililosimama kwenye taa halina haja ya kupayuka.

Redio zenyewe hutumia masafa ya gigahezi 5.9, na ziko za ukoo wa Wi-Fi (IEEE 802.11p) na za ukoo wa simu (C-V2X). Zile za ukoo wa Wi-Fi hazina nywila, hazina kujiunga, hazina jina la mtandao. Sehemu ambayo Wi-Fi ya nyumbani huweka kitambulisho cha ruta, zenyewe hujaza namba moja tupu, yaani ff:ff:ff:ff:ff:ff. Anayeiona mara ya kwanza hudhani mlango umesahauliwa wazi. Ukweli ni kwamba kufuli limewekwa ghorofa ya juu, kwenye kiwango cha IEEE 1609.2 kwa Marekani na ETSI TS 103 097 kwa Ulaya, ambacho kimejengwa juu ya hicho cha kwanza. Sahihi inayotumika zaidi ni ECDSA, njia ya kutia sahihi kwa ufunguo wa siri, ya mkunjo wa P-256 pamoja na SHA-256, na ukubwa wake ni baiti 64.

Sahihi peke yake haitoshi, kwa sababu yeyote anaweza kujitengenezea ufunguo. Lazima kiwepo cheti kutoka mamlaka inayotambulika. Cheti hicho hakitaji jina lako wala namba ya gari. Kinataja gari linaruhusiwa kusema nini. Ruhusa ya kutuma ujumbe wa msingi wa Marekani ni namba 32. Ulaya, 36 ni ujumbe wa kawaida wa gari na 37 ni wa tahadhari kama ajali au barabara inayoteleza. Gari la wagonjwa lina biti za ziada kwenye cheti chake. Anayetamani kuligeuza daladala lake ambulansi saa ya foleni atasema "ving'ora vimewaka, nipisheni", sahihi itakubalika, lakini cheti hakimpi haki ya kusema hivyo, na ujumbe utatupwa.

Kuna mahali mpango huu unapochechemea. Cheti kizima kikibebwa na kila ujumbe, hewa inajaa. Ulaya gari hubandika cheti kizima mara moja kwa sekunde, na jumbe nyingine hubeba ufupisho wake wa baiti 8. Sasa gari linalochomoza kwenye kona likasikika kwanza kwa ufupisho, huwezi kulithibitisha hadi cheti kifike. Huo ni muda wa hadi sekunde nzima, na kwa kilomita 100 kwa saa ni mita 28. Ndiyo maana kanuni zinalitaka gari likisikia jirani mgeni libandike cheti chake kwenye ujumbe unaofuata bila kungoja zamu, na linaweza pia kuomba cheti lisichokijua.

Usimbaji fiche haujatupwa kabisa. Gari linapoomba vyeti vipya kwa mamlaka, mazungumzo hayo hufichwa. Hata malori yanayofuatana kwa msafara wa karibu yanaweza kupeana ufunguo wa pamoja, maana hayo yanajuana na yatakuwa pamoja kwa muda.

SWALI: Ninafanya mradi wa mwaka wa mwisho. Nimetia sahihi ujumbe kwa OpenSSL (programu ya kutia sahihi na kuficha data) nikitumia P-256. Kila mahali imeandikwa sahihi ni baiti 64, lakini yangu inatoka 70, mara 71, mara 72. Na programu inayofuata IEEE 1609.2 imeikataa. Nakosea wapi? — Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam

JIBU: Hesabu yako ni sawa, kinachokusumbua ni kifungashio. Sahihi ya ECDSA ni namba mbili, r na s, kila moja baiti 32. OpenSSL huzifunga kwa mtindo wa DER: baiti moja ya 0x30 mwanzoni, kisha urefu wa jumla, kisha baiti ya 02 na urefu wa r, r yenyewe, kisha 02 na urefu wa s, na s. Hayo ni maganda ya baiti 6, ndiyo 70 yako. Na kama biti ya kwanza ya r au s ni 1, DER huongeza 00 mbele ili namba isisomeke kuwa hasi. Hapo unapata 71 au 72. Menya maganda, ondoa hizo 00, ubaki na 64. Mtego mwingine ni mara chache namba inapoanza na sifuri: DER huikata, upate baiti 31. Irudishie 00 kushoto ifike 32, la sivyo programu yako itafanya kazi siku nzima kisha igome mara moja bila sababu unayoiona.

Kukataliwa kuna chanzo kingine. IEEE 1609.2 haitii sahihi kwenye ujumbe mtupu. Inachukua hashi ya data, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data hiyo, inaiunganisha na hashi ya cheti cha mtumaji, kisha inapiga hashi tena juu ya hizo mbili. Sababu ni kuufunga ujumbe na cheti kile kile, mtu asije akabadilisha cheti huku ufunguo ukiwa uleule. Kwa mkono unaweza kufanya hivi:

openssl ecparam -name prime256v1 -genkey -noout -out siri.pem
openssl ec -in siri.pem -pubout -out umma.pem
openssl dgst -sha256 -binary data.bin > a.bin
openssl dgst -sha256 -binary cheti.bin > b.bin
cat a.bin b.bin > ujumbe.bin
openssl dgst -sha256 -sign siri.pem -out sahihi.bin ujumbe.bin
openssl dgst -sha256 -verify umma.pem -signature sahihi.bin ujumbe.bin

Faili la ujumbe.bin lazima liwe na baiti 64 kamili. Likiwa na 128 na zaidi, umesahau neno -binary na umehifadhi hashi kama maandishi. Ukipata "Verified OK", badilisha herufi moja ndani ya data.bin, rudia hashi na kuunganisha, kisha thibitisha kwa sahihi ya zamani: lazima igome. Angalia pia kwamba data.bin si mzigo peke yake. Ni kifurushi kizima cha kutiwa sahihi, pamoja na namba ya ruhusa na muda wa kutengenezwa, kilichosimbwa kwa COER, mtindo maalumu wa kuipanga data kuwa baiti. Baiti moja ikipishana na alivyosimba mwenzako, hashi ni nyingine kabisa.

Usitengeneze mwenyewe ile namba ya bahati nasibu inayotumika ndani ya ECDSA. Ikirudiwa mara mbili tu kwa ufunguo uleule, anayezisikia sahihi hizo mbili anaupata ufunguo wa siri kwa hesabu ya sekondari. Ndivyo ufunguo wa PlayStation 3 ulivyoanikwa mwaka 2010. Acha OpenSSL ifanye kazi hiyo, au fuata RFC 6979, ambayo huitoa namba hiyo kwenye ujumbe na ufunguo bila kubahatisha.

Kabla hujafunga laptop, andika openssl speed ecdsap256. Utaona kuthibitisha ni kazi nzito kuliko kutia sahihi. Hapo ndipo gari linapotoa jasho: linatia sahihi mara 10 kwa sekunde, lakini likizungukwa na magari 100 linapaswa kuthibitisha mara 1,000. Ndiyo maana magari huwekewa chipu maalumu ya kazi hiyo.

Kwa mradi mzima, tumia SUMO kwa mwendo wa magari, OMNeT++ kwa mtandao, na Veins kuziunganisha; ukitaka jumbe za Ulaya, tumia Artery badala ya Veins. Soma kwanza ni toleo gani linakubaliana na lipi. Wengi hupakua matoleo mapya ya vyote vitatu na kupoteza wiki mbili bila kuona gari moja likitembea. Ukifika kwenye redio halisi, usirushe chochote hewani bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Unganisha redio mbili kwa waya wa koaksi, katikati weka vipunguza nguvu vyenye jumla ya desibeli 60. Redio ya dBm 20 itafika upande wa pili ikiwa na dBm -40: inasikika vizuri na haiunguzi kipokezi.

SWALI: Nina Golf ya 2020 na muuzaji alinisifia kwamba inaongea na magari mengine. Kama inatangaza mahali nilipo mara kadhaa kwa sekunde, si mtu anaweza kunifuata mji mzima bila kutoka nyumbani kwake? — Mtanzania, Hamburg

JIBU: Golf ya kizazi cha nane, iliyotoka mwishoni mwa 2019, ni kweli ilikuja na redio hiyo kama kifaa cha kawaida, ikifika hadi mita 800 hivi. Hofu yako wabunifu waliiona mapema, wakalipatia gari lakabu nyingi badala ya jina moja.

Anayekufuata anahitaji kitu kisichobadilika. Kwa hiyo gari hupewa vyeti vingi vya lakabu vinavyofanya kazi kwa wakati mmoja, likatumia hiki kisha kile. Ulaya ni hadi 100 kwa wiki, na hakuna kinachoishi zaidi ya wiki moja. Marekani ni 20 kwa wiki, na gari linaweza kupewa akiba ya miaka mitatu: 20 mara 52 mara 3, yaani vyeti 3,120. Huko hubadilishwa takriban kila dakika 5.

Mabadiliko hayo yana masharti magumu. Cheti kikibadilika, lazima sekunde hiyohiyo vibadilike pia anwani ya redio, kitambulisho cha muda na namba ya mfululizo ya ujumbe. Kikibaki kimoja tu, umevaa barakoa mpya na shati lilelile. Tena kwenye barabara tupu saa nane usiku, gari lililosikika hapa likiwa na lakabu A na baada ya sehemu ya kumi ya sekunde likasikika mita tatu mbele na lakabu B, mtoto wa darasa la nne atajua ni lilelile. Kubadilisha kunafaa zaidi pale magari yanapochanganyikana, au gari linapowashwa upya. Na ujumbe hutaja urefu na upana wa gari: Golf zimejaa mjini, lakini lori la urefu wa ajabu litajulikana hata likibadili lakabu kila dakika.

Waliokupa vyeti je? Marekani ofisi inayolijua gari lako haivioni vyeti vyenyewe, na inayovitia sahihi haijui ni vya nani. Gari hupeleka ufunguo mmoja wa mbegu, ofisi ya kwanza inauzalisha kuwa maelfu na kuyachanganya na ya magari mengine, ya pili inautikisa kila mmoja kabla ya kuutia sahihi. Ulaya kazi imegawanywa vilevile kati ya mamlaka ya kusajili na mamlaka ya kutoa vyeti. Kukujua kunahitaji ofisi hizo zishirikiane. Kwa maoni yetu, simu iliyo mfukoni mwako inakusema zaidi kuliko Golf yako.

SWALI: Mtu akinunua gari lililopata ajali, akachomoa kile kifaa chenye vyeti halali, si atatangaza uongo wenye sahihi safi? — Fundi umeme wa magari, Kampala

JIBU: Atatangaza, fundi, na hapa ndipo pagumu kuliko kote. Sahihi inathibitisha kwamba anayesema ana ruhusa ya kusema. Haithibitishi kwamba anasema kweli.

Ufunguo wa siri hukaa ndani ya chipu ya usalama isiyokubali kunakiliwa. Lakini mwizi hahitaji kuunakili. Anakiwekea kifaa umeme, anakilisha mahali pa uongo na mwendo wa uongo, nacho kitatia sahihi kwa utii. Mbaya zaidi, ana vyeti 20 vinavyokubalika wiki hiyo. Akivitumia vyote kwa pamoja, magari yanayokuja yataona foleni ya magari 20 ambayo hayapo. Dawa ya faragha aliyoifurahia ndugu yetu wa Hamburg ndiyo silaha ya huyu, na hakuna namna ya kuongeza moja bila kuipunguza nyingine.

Kinga ya kwanza ni akili ya kawaida iliyoandikwa kama programu. Jumbe zikipishana milisekunde 100, gari la kilomita 100 kwa saa husogea mita 2.8. Likiruka mita 25, linadai kwenda kilomita 900 kwa saa: ndege hiyo. Gari likidai kupunguza mwendo kwa mita 15 kwa sekunde kila sekunde, hakuna tairi la kawaida kwenye lami linaloweza. Gari likisikika mara ya kwanza likiwa mita 30 mbele yako kwenye barabara iliyonyooka, liulize lilikuwa wapi lilipokuwa mita 300. Magari mawili yakidai kukalia nafasi moja, angalau moja ni mzimu. Na magari 20 yanayofika yote na nguvu ileile ya mawimbi huenda yanatoka kwenye antena moja. Mwongo hodari atapita baadhi ya vipimo hivi. Kuvipita vyote kwa pamoja, kwa mizimu 20 inayotembea, ni kazi ya kuchosha.

Kinga ya pili ni kushtaki. Gari linalogundua uongo hupeleka taarifa pamoja na jumbe zenyewe kama ushahidi. Ulaya muundo wa taarifa hizo ni ETSI TS 103 759. Marekani, mashtaka yakithibitika, mbegu za vyeti vya mkosaji hutangazwa kwenye orodha ya waliofutwa, na kila gari linakokotoa lenyewe lakabu zake zote za wiki hiyo na zinazofuata. Hesabu hiyo haiendi kinyumenyume, hivyo safari zake za kabla ya kosa zinabaki siri. Ulaya lakabu hazina orodha ya kufutwa: mkosaji ananyimwa vyeti vipya, vya zamani vinakufa vyenyewe. Tatizo ni kwamba akiba inaruhusiwa kufika miezi mitatu, na miezi mitatu ni mirefu kwa mtu mwenye nia mbaya.

Kinga ya tatu ndiyo tunayoiamini zaidi. Gari linalojiendesha lisifunge breki za nguvu kwa neno la redio peke yake. Neno hilo liliamshe: lipunguze mwendo kidogo, lielekeze macho upande uliotajwa. Uamuzi mkubwa uthibitishwe na kamera, rada au leza.

SWALI: Wakiziba mawimbi kabisa je? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna hesabu inayozuia kelele. Anayerusha makelele yenye nguvu kwenye gigahezi 5.9 atawanyamazisha wote walio karibu naye, wenye vyeti na wasio navyo. Gari linalojiendesha linapaswa kuandikwa hivi tangu mwanzo: ukimya wa redio haumaanishi barabara ni tupu. Likiusoma ukimya kama usalama, limebuniwa vibaya.

La hatari zaidi ni GPS ya uongo, kwa sababu inaharibu mahali na saa kwa mpigo mmoja. Saa ikirudishwa nyuma, vyeti vilivyokufa vinafufuka. Ikipelekwa mbele, vyeti vyako mwenyewe vinaonekana vimekwisha na gari linakuwa bubu. Gari liwe na saa yake ya ndani na likatae muda unaoruka ghafla, na lilinganishe mahali linapoambiwa na mzunguko wa magurudumu yake. Galileo ya Ulaya sasa hutia sahihi taarifa za setilaiti zake, na kipokezi kinachoijua sahihi hiyo ni kigumu zaidi kudanganywa.

Wajaribuo maabara husumbuliwa na kosa dogo la saa ambalo si la adui. IEEE 1609.2 huhesabu mikrosekunde tangu tarehe 1 Januari 2004, ikijumlisha sekunde za nyongeza. Tangu siku hiyo zimeongezwa sekunde 5, ya mwisho mwishoni mwa 2016. Kompyuta ya kawaida haizihesabu. Ukichukua saa yake moja kwa moja, ujumbe wako unazaliwa ukiwa na umri wa sekunde 5, na wapokeaji wataudhania ni wa zamani uliorekodiwa na kurushwa tena. Sahihi safi, cheti safi, na bado unatupwa. Jumlisha 5.

SWALI: Ile hadithi ya Jeep iliyozimwa barabarani na wadukuzi, nayo ilipitia redio hizi? Na kompyuta za kwantamu zikija, sahihi hizi zitapona? — Mhadhiri msaidizi, Nairobi

JIBU: Ya Jeep, hapana. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kupitia modemu ya simu ya mfumo wa muziki na ramani, ambao mlango wake namba 6667 ulikuwa wazi, kisha wakabadilisha programu ya chipu inayoongea na nyaya za CAN, yaani mtandao wa ndani unaounganisha kompyuta za gari. Magari milioni 1.4 yaliitwa yarekebishwe. Funzo kwa redio za gari kwa gari ni la ukuta: kifaa cha redio kitoe taarifa kwa kompyuta ya kuendesha kupitia geti linalopitisha aina chache za ujumbe, kisiguse breki moja kwa moja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155 inamtaka mtengenezaji aonyeshe anavyosimamia hatari za namna hii, na Ulaya inayabana magari yote mapya tangu Julai 2024.

Ya kwantamu: ECDSA haitapona, na mbadala wake ni mnene. ML-DSA-44, iliyomo kwenye kiwango cha Marekani cha FIPS 204 cha Agosti 2024, ina sahihi ya baiti 2,420 dhidi ya 64 za leo. Fremu ya Wi-Fi hubeba mzigo usiozidi baiti 2,304, hivyo sahihi peke yake haienei. Hewa nayo? Ujumbe wa baiti 300 kwa megabiti 6 kwa sekunde hukaa hewani milisekunde 0.4, magari 100 kwa mara 10 yanatumia sehemu 4 kati ya 10 za kila sekunde. Ujumbe wa baiti 2,700 hukaa milisekunde 3.6, na magari hayohayo yangehitaji sekunde 3.6 ndani ya kila sekunde moja. Falcon-512 ina sahihi ya baiti 666 hivi, inatia matumaini, ila utiaji sahihi wake ni mgumu kuuandika salama kwenye chipu ndogo. Afueni ni kwamba ujumbe wa breki haupotezi kitu ukija kusomwa miaka 15 baadaye. Kinachotakiwa kulindwa mapema ni vyeti vya mizizi, yaani vile vya mamlaka kuu vinavyothibitisha vingine vyote, ambavyo huishi miaka mingi.

SWALI: Gari langu limetoka Japani. Kila nikiwasha, mwanamke anaongea Kijapani. Je, ndiyo hiyo redio inayoongea na magari mengine? Kuna mtu anaweza kuingilia humo? — Bi. mwenye Crown, Mombasa

JIBU: Dada, huyo unayemsikia ni kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za Japani, na takriban kila asubuhi analalamika kwamba kadi haijachomekwa. Kinatumia gigahezi 5.8, kinaongea na geti la barabara na si na gari jingine, na hapa hakina geti la kujibizana nalo. Hakijaunganishwa na usukani wala breki.

Redio ya gari kwa gari ya Kijapani ipo kweli, inaitwa ITS Connect, na Toyota ilianza kuiweka mwaka 2015, Crown ikiwa ya kwanza. Si kila Crown inayo. Yenyewe hutumia megahezi 760, si gigahezi 5.9, kwa hiyo haielewani na gari la Ulaya wala la Marekani. Ni shida ya ukoo mmoja na ile ya redio ya FM inayoishia 90 hadi ununue kigeuza masafa. Huku kwetu eneo la megahezi 700 limepewa mitandao ya simu, na 760 inaangukia pale minara inapotumia kuzungumza na simu. Kama gari lako lina kifaa hicho, mwambie fundi akikate umeme. Hupotezi kitu, maana hakuna wa kumjibu.

Kumnyamazisha huyo mama wa ETC ni kazi ya dakika kumi. Kisanduku chake kwa kawaida kiko ndani ya dashibodi la kushoto au chini ya usukani, kidogo, chenye tundu la kadi. Zima gari, kivute taratibu, chomoa plagi ya umeme nyuma yake, funga ncha za waya kwa utepe wa umeme. Antena yake iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele iache ilipo. Ukiivuta kwa nguvu inaweza kuondoka na kipande cha rangi nyeusi ya pembeni ya kioo.